Bonge la damu kwenye mapafu linapojificha nyuma ya kiharusi

Kuna swali ambalo familia nyingi hubaki nalo baada ya msiba. Mgonjwa alilazwa kwa kiharusi. Siku ya kwanza hali ilikuwa mbaya, baada ya siku tatu nne akaanza kumeza uji, akaweza kukaa akiegemea mito, watu wakashusha pumzi. Kisha asubuhi moja akaanza kuhema kwa shida, akalegea, akafariki. Karatasi inasema damu iliganda kwenye mapafu. Ndugu wanatazamana: si alikuwa anaumwa ubongo? Mapafu yameingiaje? Wapo wanaoamua kwamba madaktari walikosea tangu mwanzo na hakikuwa kiharusi. Wapo wanaosema lile bonge la kichwani lilishuka kifuani.

Mara nyingi maelezo hayo mawili hayako sawa. Ugonjwa wa pili ulikuja kweli, una njia yake, na una dalili zake ambazo huzama ndani ya kishindo cha ule wa kwanza. Anayeielewa njia hiyo anaweza kuuliza swali la maana akiwa kando ya kitanda, kabla mambo hayajaharibika.

Tuanze na maana ya maneno. Kiharusi ni sehemu ya ubongo kuharibika ghafla kwa sababu ya tatizo la mshipa wa damu. Aina iliyo nyingi zaidi hutokea mshipa unapozibwa. Aina nyingine hutokea mshipa unapopasuka na damu kuvuja. Kwa nje zinafanana mno: uso kushuka upande mmoja, mkono na mguu kuishiwa nguvu, ulimi kuwa mzito au maneno kutotoka kabisa, macho kutoona vizuri, mwili kupepesuka. Hakuna mtu anayeweza kuzitofautisha kwa kumtazama mgonjwa tu. Picha ya CT ya kichwa ndiyo huamua, kwa kuwa damu iliyotoka kuvuja huonekana nyeupe pale pale.

Bonge la mapafuni ni jambo jingine. Damu huganda kwanza mahali pengine, aghalabu kwenye mishipa ya ndani ya paja au kigimbi. Kipande hukatika, husafiri na damu inayorudi moyoni, hupita upande wa kulia wa moyo na kukwama kwenye mishipa ya mapafu. Kikiwa kidogo, mtu huhisi kichomi au pumzi fupi. Kikiwa kikubwa, upande wa kulia wa moyo, ambao ukuta wake ni mwembamba, hujikuta unasukuma damu isiyopita, hutanuka, huchoka, na presha ya mwili mzima huanguka.

Sasa ramani. Mishipa inayotoa damu moyoni huitwa ateri, inayorudisha huitwa vena. Moyo una pande mbili zilizotengwa na ukuta. Upande wa kulia hupokea damu ya vena kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni. Upande wa kushoto huipokea ikiwa na oksijeni na kuisukuma kwenda kila mahali, ubongo ukiwemo. Kwa hiyo damu yote itokayo mguuni lazima ipite mapafuni kabla haijafika kichwani, na hapo mapafu hufanya kazi kama chujio la chai: majani hubaki juu, kinachopita ni maji tu. Bonge la mguuni hunaswa hapo. Ndiyo sababu, katika hali ya kawaida, linaua kupitia kifua na halifiki kwenye ubongo. Na bonge lililoziba ateri ya ubongo nalo halina pa kushukia, kwa kuwa mbele yake mishipa inazidi kuwa myembamba hadi unene wa unywele na chini ya hapo. (Ipo aina adimu ya kiharusi ambayo bonge hukaa kwenye vena za ubongo, hilo ndilo linaloweza kufuata damu kurudi moyoni. Lakini hiyo sio aina ambayo watu wengi huipata.)

Kama njia hizi hazikutani, vipi mtu mmoja awe na vyote viwili?

Jibu la kawaida kabisa ni kwamba kiharusi kimetangulia na kimetengeneza mazingira. Daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow, katikati ya karne ya 19, alieleza jinsi mabonge ya damu yanavyokatika na kusafiri hadi mapafuni, na jina lake hadi leo limebaki kwenye mambo matatu yanayogandisha damu ndani ya mshipa: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na tabia ya kuganda kupita kiasi. Mtazame mgonjwa wa kiharusi. Mguu mmoja haukazi misuli, na misuli ya kigimbi ndiyo inayosukuma damu ya vena kwenda juu. Analala siku nzima. Hanywi maji ya kutosha kwa sababu anapaliwa. Mwili uko kwenye vurugu ya ugonjwa mkali, hali ambayo peke yake huongeza kuganda kwa damu. Bonge linaweza kuanza kwenye mguu uliopooza ndani ya siku chache tu, na hatari huendelea kwa wiki kadhaa.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi, na ndiyo inayowatatiza hata wataalamu. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, hivyo kuna kilango kati ya vyumba vya juu vya moyo kinachoruhusu damu kuvuka moja kwa moja kutoka kulia kwenda kushoto. Baada ya kuzaliwa hujifunga. Kwa takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne hakijaziba sawasawa, na wengi wao huishi hadi uzeeni bila kujua wala kudhurika. Sasa bonge kubwa likikwama mapafuni, msukumo wa damu upande wa kulia hupanda, kilango husukumwa wazi, na kipande kingine kinachofuata nyuma huvuka kwenda kushoto na kupanda kichwani. Mgonjwa huletwa na kiharusi cha wazi kabisa, huku chanzo kikiwa mguuni na mapafu yakiwa tayari yamezibwa. Julius Cohnheim, mwanafunzi wa Virchow, alieleza jambo hili mwaka 1877.

Tatu, ugonjwa mmoja unaweza kugandisha damu pande zote mbili kwa wakati mmoja. Saratani hufanya hivyo. Vilevile kuna ugonjwa wa kinga ya mwili ambao hutengeneza kingamwili zinazochochea damu kuganda kwenye ateri na vena, na mara nyingi huwapata watu ambao bado ni vijana.

Na nne, inawezekana kiharusi hakipo. Bonge kubwa la mapafuni likiangusha presha, ubongo hukosa damu ya kutosha kwa dakika chache: mtu anazimia, anaamka amechanganyikiwa, maneno hayaeleweki, wakati mwingine viungo vinatikisika kama kifafa. Waliomshuhudia wanasema "amepata kiharusi", na ni rahisi kuwaamini.

Kwa nini hupitwa

Kiharusi ni ugonjwa unaojaza chumba. Kila dakika mshipa mkubwa wa ubongo unapobaki umezibwa, inakadiriwa chembe za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa, kwa hiyo timu nzima hukimbilia kichwani, na ni haki yake kukimbia. Hatari inakuja baadaye, pale ambapo kila kinachojitokeza kwa mgonjwa huwekwa chini ya jina lile lile moja.

Fikiria mgonjwa wa siku ya sita. Muuguzi anapima: mapigo ya moyo 116 kwa dakika, jana yalikuwa 84. Kifaa cha kidoleni kinaonyesha oksijeni asilimia 89. Anapumua haraka. Maelezo yaliyo karibu ni kwamba amepaliwa chakula kikaingia mapafuni, ameanza nimonia, na kweli wagonjwa wa kiharusi hupata nimonia ya namna hiyo mara kwa mara. Antibiotiki zinaanzishwa. Eksirei inarudi: mapafu safi. Hapo ndipo mtu anapaswa kusimama. Mapafu safi kwenye eksirei, pamoja na oksijeni iliyoshuka bila sababu inayoonekana, ni miongoni mwa ishara za zamani na za kuaminika kwamba shida iko kwenye mishipa ya damu ya mapafu.

Mgonjwa mwenyewe angeweza kusema, lakini usemi umeondoka. Hawezi kueleza kwamba kifua kinachoma akivuta pumzi. Wengine, hasa walioumia ubongo upande wa kulia, hawautambui kabisa upande wao wa kushoto, na mguu wa kushoto ukivimba kwao ni kama mguu wa mtu mwingine. Na mguu uliopooza ukivimba, watu husema ni kwa sababu haufanyi kazi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini huo ndio mguu ambao bonge hupenda zaidi.

Kuna ishara nyingine ambayo ningependa kila anayehudumia wagonjwa hawa aishike: presha. Kiharusi kinapoanza, presha kwa kawaida hupanda. Mgonjwa mwenye dalili za kiharusi ambaye presha yake iko chini anadai maelezo. Inaweza kuwa bonge la mapafuni, shambulio la moyo, maambukizi makali, damu kuvuja ndani ya mwili, au ateri kuu inayotoka moyoni kuchanika ukuta wake. Hilo la mwisho ni la kuangaliwa kwa haraka ya pekee, hasa kama kifua au mgongo uliuma kwanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge inaweza kumuua mtu wa namna hiyo.

Vipimo na mipaka yake

Watu wengi hudhani kuna kipimo kimoja cha damu kinachotoa jibu la ndiyo au hapana. Kipo kipimo kiitwacho D-dimer, kinachopima mabaki ya mabonge yanayovunjwa na mwili. Kwa mtu aliyetoka nyumbani na dalili hafifu kina faida kubwa: kikiwa chini ya kiwango, ambacho kwa kawaida ni 500, na daktari hana shaka nzito, bonge huondolewa kwenye orodha. Kwa mtu aliyezidi miaka 50 baadhi ya madaktari huzidisha umri mara 10, kwa hiyo mwenye miaka 70 hupewa kiwango cha 700. Shida ni kwamba kiharusi chenyewe hupandisha D-dimer. Maambukizi huipandisha, saratani pia, upasuaji pia, hata umri. Kwa mgonjwa aliyelala wodini wiki nzima, jibu la juu halithibitishi kitu. Familia ikiambiwa "D-dimer iko juu" isiondoke ikiamini kwamba bonge limeonekana.

Kinachotangulia kipimo chochote ni kukadiria uwezekano. Mizani inayotumika sana, ya Wells, hutoa alama 3 kama kuna dalili za bonge mguuni, na 3 nyingine kama daktari haoni maelezo mengine yanayoshinda bonge la mapafuni. Mapigo yanayozidi 100 yana alama 1.5, kulala kitandani siku tatu au zaidi 1.5, kuwahi kuwa na bonge 1.5, kukohoa damu 1, saratani 1. Ikizidi 4, haifai kupoteza muda na D-dimer. Mgonjwa aende kwenye picha. Yule wa siku ya sita ana 1.5 kwa mapigo na 1.5 kwa kitanda. Bado hajafika. Lakini daktari akifunua shuka na kuchukua utepe wa kupimia, akapima kigimbi sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, mguu wa kulia kisha wa kushoto, na kukuta tofauti inayozidi sentimita 3, tena mguu ule unauma ukibonyezwa kwenye njia ya vena, hesabu inafika 6. Kazi ya dakika mbili, bila umeme, imebadilisha uamuzi wote.

Picha inayothibitisha ni CT ya mishipa ya mapafu. Dawa yenye aidini hudungwa kwenye vena ya mkono, mishipa hung'aa, na mahali penye bonge hubaki doa jeusi. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba wagonjwa wengi wa kiharusi hupigwa picha kama hiyo ya shingo na kichwa siku wanayofika, na picha hiyo mara nyingi huanzia juu ya kifua, ikichukua sehemu ya juu ya mapafu. Bonge limewahi kuonekana pale pembeni, na mtu hakuwa analitafuta. Kwa maoni yangu, daktari anayesoma picha hiyo asiishie kwenye ubongo. Na aliyeiomba aandike kwenye fomu kwamba oksijeni iko chini, maana msomaji wa picha hutazama kwa makini zaidi akijua anachotafuta.

Mashine ya CT isipopatikana, au hali ni mbaya kiasi kwamba mgonjwa hawezi kuhamishwa, altrasaundi huletwa kitandani. Inapowekwa juu ya paja na kubonyezwa kidogo, vena yenye afya hujifinya hadi kuta zake zigusane. Yenye bonge hukataa kubonyea. Ikikataa, na dalili za kifua zipo, kwa vitendo jibu limepatikana, kwa sababu tiba ya msingi ni ile ile. Altrasaundi ya moyo nayo huonyesha chumba cha kulia kilichotanuka na kukisukuma cha kushoto. Ikitafutwa ile njia ya kilango, maji ya chumvi yaliyotikiswa na viputo vidogo vya hewa hudungwa mkononi: viputo vikionekana upande wa kushoto mapema, kilango kiko wazi. Kwa asiyeweza kupewa dawa ya aidini, kuna kipimo cha nyuklia kinacholinganisha hewa na damu ndani ya mapafu.

Kipimo cha umeme wa moyo husaidia kidogo. Mara nyingi huonyesha mapigo ya haraka tu, na kikiwa cha kawaida hakiondoi bonge. Vivyo hivyo oksijeni: kuna watu wenye bonge ambao kifaa cha kidoleni kinasoma vizuri, hasa vijana.

Tiba zinazovutana

Utambuzi huu una uzito kwa sababu tiba ya mapafu inaweza kuumiza ubongo. Dawa ya kuyeyusha bonge, alteplase, hutumika pande zote mbili. Kwa kiharusi cha mshipa kuzibwa hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 90. Kwa bonge la mapafuni lililoangusha presha, kipimo cha kawaida ni miligramu 100 kwa saa mbili. Anayegundulika na vyote viwili ndani ya saa hizo za mwanzo anaweza kufaidika pande zote kwa dawa moja. Lakini bonge likija siku ya sita, sehemu ya ubongo iliyokufa ni laini na huvuja damu kirahisi, kwa hiyo kiharusi cha karibuni ni mojawapo ya vizuizi vikubwa vya dawa hiyo. Kama kiharusi kilikuwa cha kuvuja damu, mlango huo umefungwa kabisa.

Hapo hubaki heparini na dawa nyingine za kuzuia kuganda, ambazo wengi huziita "dawa za kuyeyusha damu". Haziyeyushi bonge. Huzuia lisikue huku mwili wenyewe ukilivunja taratibu. Nazo zina hatari kwa ubongo, hivyo madaktari huangalia ukubwa wa kiharusi na kama kuna damu iliyovuja. Zisipowezekana, kichujio cha chuma kinaweza kuwekwa kwenye vena kuu ya tumbo kuzuia vipande vipya, au bonge kuvutwa nje kwa mrija mahali penye utaalamu huo. Na kwa sababu hizi zote, kumpa mtu aspirini nyumbani mara tu uso unaposhuka ni kubahatisha: bila picha hujui kama mshipa umezibwa au umepasuka.

Kuhusu kinga, kuna somo lililoigharimu tiba miaka mingi. Soksi ndefu za kubana zilivalishwa wagonjwa wa kiharusi kila mahali kwa kuaminika kwamba zinazuia mabonge. Utafiti wa CLOTS 1, uliochapishwa 2009 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 2,500, ulikuta mabonge asilimia 10.0 kwa waliovaa na 10.5 kwa wasiovaa. Tofauti hiyo ni kama haipo, huku waliovaa wakipata zaidi vidonda na malengelenge. CLOTS 3 ya 2013 ilijaribu mifuko ya hewa inayofungwa miguuni, inayojaa na kupungua kwa zamu: mabonge yalishuka kutoka asilimia 12.1 hadi 8.5. Kwa hiyo ukikuta mgonjwa wako amefungwa mifuko hiyo, usiivue kwa sababu inavuma au inamkera, na ikikutwa imezimwa mwambie muuguzi.

Mwambie pia mambo mengine ambayo wewe unayaona kwa sababu umekaa naye: kwamba tangu usiku anapumua kwa haraka, kwamba anakunja uso akivuta hewa, kwamba mguu mmoja umejaa kuliko jana, kwamba aliwahi kutibiwa bonge miaka iliyopita, kwamba alikuwa kwenye safari ndefu au alifanyiwa upasuaji wiki chache kabla ya kuanguka. Usiukande mguu uliovimba kabla haujapimwa. Uliza moja kwa moja: "Je, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mapafu?" Aliyegundulika hutumia dawa kwa angalau miezi mitatu, wengine zaidi kutegemea chanzo, na hata akiwa amesharudi nyumbani anatembea kwa fimbo, pumzi inayokatika ghafla ni sababu ya kumrudisha hospitali saa hiyo hiyo.